Picha Imekauka, Jicho Bado

Siku hizi mgonjwa wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, akitoka kliniki hutoka na picha. Ameipiga kwa simu kutoka kwenye skrini ya daktari, au amepewa karatasi iliyochapwa: duara la rangi, jekundu na jeupe katikati, kijani na buluu pembeni, na ndani yake namba, tuseme 540. Mwezi unaofuata anarudi na nyingine. Namba imeshuka hadi 310, wekundu umepoa, na picha inarushwa kwenye kundi la familia la WhatsApp pamoja na alhamdulillah tatu. Mashine ya OCT, inayopima unene wa retina kwa mwanga bila kuligusa jicho, ndiyo iliyotufikisha hapo. Na tangu dawa mpya zianze kutangazwa, hasa faricimab iliyoidhinishwa Marekani mwezi Oktoba 2023 kwa wagonjwa ambao vena ya retina imeziba, mazungumzo yamegeuka kuwa ya ukaushaji mtupu. Dawa ipi inakausha haraka? Ipi inakausha kabisa? Ipi inachelewesha maji kurudi?

Naona tumekishika kipimo kizuri tukakisoma vibaya. Unene wa retina unatuambia kama kuna maji, na ni habari muhimu. Hautuambii mgonjwa anaona nini, wala ataona nini baada ya sindano sita. Baina ya uvimbe na kuona kuna uhusiano, lakini ni uhusiano wa jirani na jirani, si wa mtu na kivuli chake. Kila mara tunapousahau ukweli huu tunafanya moja ya makosa mawili: tunamwambia mtu asiyeona kwamba amepona, au tunamhamisha mtu anayeona vizuri kwenda kwenye dawa ya bei mbaya kwa sababu picha yake bado ina matone. Makosa yote mawili yana gharama, na kwetu gharama hiyo hutoka mfukoni mwa mtu.

Tuanze na jinsi jicho linavyofikia hapo. Damu huingia kwenye retina kwa ateri na kutoka kwa vena. Vena zote ndogo hukusanyika kuwa moja kubwa inayotokea nyuma ya jicho pamoja na neva ya macho. Mahali ateri inapopishana na tawi la vena, mishipa hiyo miwili hufungwa pamoja kwenye ganda moja. Ateri ikikomaa na kukakamaa kwa miaka ya shinikizo la damu, huikandamiza vena iliyo laini, damu hupunguza mwendo, huganda, na tawi linaziba. Kuziba kwa vena kuu ni habari mbaya zaidi, maana jicho zima hukosa njia ya kutoa damu. Mgonjwa hasikii maumivu. Huamka asubuhi akakuta fremu ya mlango imepinda, au uso wa mwenzake una ukungu katikati, na mara nyingi hagundui mpaka afunge lile jicho zima kwa bahati tu, labda anapofikicha. Baada ya kisukari, hili ndilo tatizo kubwa la pili la mishipa ya retina. Makadirio ya kimataifa kwa mwaka 2015 yalikuwa watu milioni 28 hivi.

Damu ikikosa pa kutokea, shinikizo hupanda ndani ya kapilari, na retina iliyokosa oksijeni hutoa protini ya VEGF inayolegeza kuta za mishipa. Maji na mafuta huvujia kwenye makula, eneo dogo la katikati tunalotumia kusomea, kushonea na kutambulia sura. Makula yenye afya ina unene wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) kati ya 250 na 280 hivi katikati, kwa mashine nyingi za sasa. Iliyojaa maji yaweza kufika 600 au 700. Sindano zinazozuia VEGF huziba uvujaji huo, na uvimbe hushuka kwa kasi ya ajabu. Mwaka 2005, Philip Rosenfeld na wenzake huko Miami walichoma bevacizumab, dawa ya saratani ya utumbo mpana, kwenye jicho la mgonjwa ambaye vena kuu ilikuwa imeziba. Ndani ya wiki moja uoni ulipanda kutoka 6/60, yaani kuona kwa mita sita kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60, hadi 6/15, na vifuko vya maji kwenye picha ya OCT vilikuwa vimetoweka. Ukiiangalia picha ile huwezi kulaumu watu kwa kuamini kwamba maji na uoni ni kitu kimoja. Kwa mgonjwa yule vilikwenda pamoja.

Lakini miaka kumi kabla ya sindano ile tulikuwa tumeshapewa onyo, na nashangaa halitajwi. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu kuziba kwa vena kuu ya retina, uliotoa matokeo yake mwaka 1995, ulijaribu kuukausha uvimbe wa makula kwa leza. Leza ilifanya kazi yake. Picha za fluoresini, rangi inayochomwa mshipani ili uvujaji wa retina uonekane, zilionyesha wazi kwamba uvujaji umepungua kwenye macho yaliyotibiwa. Kisha wagonjwa wakasomeshwa herufi, na baada ya miaka mitatu waliochomwa leza hawakuwa wanaona vizuri kuliko ambao hawakuguswa. Watafiti walishauri leza ile isitumike kwa vena kuu. Hapo ndipo palipaswa kuandikwa kwa wino mzito: unaweza kuukausha uvimbe usiurudishe uoni. Kwa tawi la vena, leza hiyo hiyo ilisaidia, kama ilivyoonekana katika utafiti wa 1984. Uvimbe ni ule ule, leza ni ile ile, jicho ndilo tofauti.

Ushahidi unaonivutia zaidi umo ndani ya majaribio ya dawa zenyewe, mahali ambapo watangazaji wa dawa hawapendi kukaa muda mrefu. Katika jaribio la CRUISE, wagonjwa 392 wenye vena kuu iliyoziba waligawanywa kwa kura. Baadhi walichomwa ranibizumab, moja ya sindano hizo za kuzuia VEGF, kila mwezi, wengine waliguswa jicho kwa bomba lisilo na sindano ili wasijue wako kundi gani. Baada ya miezi sita, waliopata dozi kamili ya dawa walikuwa wameongeza wastani wa herufi 14.9 kwenye ubao. Waliodanganywa, herufi 0.8. Kutoka hapo wote wakaruhusiwa kupata dawa. Kundi lililocheleweshwa likachomwa, na retina zao zikakauka. Mwisho wa mwaka unene wa makula zao ulikuwa umeshuka karibu sawa na wa wale wa mwanzo. Ukichanganya picha zao mezani usingejua ipi ya nani. Herufi zilisema vingine. Waliotibiwa mapema walibaki na 13.9 za ziada, waliocheleweshwa walipata 7.3. Jaribio la COPERNICUS la aflibercept, sindano nyingine ya aina hiyo, lilionyesha jambo hilo hilo kwa ukali zaidi: baada ya mwaka, herufi 16.2 kwa waliowahi na 3.8 kwa waliosubiri miezi sita, ilhali uvimbe umeshuka kwa wote. Picha moja, jicho tofauti. Kilichowatofautisha ni miezi sita.

Kwa nini? Wakazi wa Jangwani, Dar es Salaam, wanajua jibu bila kusoma udaktari. Mto Msimbazi ukifurika, maji huingia ndani, na yakishatoka sakafu hukauka kwa siku mbili tatu. Ukipita nje ukachungulia dirishani utasema nyumba imerudi. Mwenye nyumba ndiye anayejua kwamba friji haliwaki, godoro limeoza na nyaya ndani ya ukuta zimeliwa na tope. Ndani ya retina, mwanga hupokelewa na seli za tabaka la nje, habari ikapitishwa kwa seli za katikati hadi seli za juu zinazoipeleka kwenye ubongo. Vifuko vya maji hutanua tabaka hizo na kuzivuta nyaya hizo za katikati kama uzi wa mpira. Ukivutwa kidogo hurudi, ukivutwa sana na kwa muda mrefu hukatika. Maji yakitoka, zilizokatika haziungani. Juu ya hapo kuna suala la damu yenyewe. Palipozibwa kapilari kabisa, seli hufa kwa njaa, na seli zilizokufa hazivimbi. Retina hiyo hukonda. Namba inashuka chini ya 250, rangi inakuwa ya buluu tulivu, na kwenye kundi la familia inapokelewa kama habari njema kuliko zote. Ni picha ya kaburi lililosafishwa.

Mtu anayejua kusoma OCT vizuri haangalii namba peke yake. Anaukuza mstari mwembamba unaong'aa kwenye tabaka la seli za mwanga aone kama haujakatika. Anaangalia kama tabaka za ndani bado zinatofautiana au zimechanganyika kama rangi za kanga iliyochuja. Mambo hayo yanabashiri uoni vizuri kuliko unene. Kwa hiyo ugomvi wangu hauko na mashine. Uko na ile tabia ya kuchukua kipimo chenye maelezo elfu moja na kukifupisha kuwa namba moja, kwa kuwa namba moja ndiyo inayoingia kwenye kisanduku cha fomu na kwenye tangazo la dawa. Kuna utafiti wa wagonjwa wa kisukari wenye uvimbe wa makula, macho 251, uliochapishwa Marekani mwaka 2007, ambao ulipima uwiano kati ya unene na uoni ukapata 0.52. Kwa lugha ya kawaida, unene ulieleza kama robo tu ya tofauti za uoni kati ya jicho na jicho. Robo tatu zilizobaki zilikuwa mahali pengine. Kisukari si ugonjwa ule ule na kuziba kwa vena, lakini makula ni ile ile.

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa Tanga, alisema haya kwa maneno machache. Alikaa miezi mitano akidhani ana mtoto wa jicho, akisubiri "uive" kama watu walivyomwambia. Alipofika kwa mtaalamu vena kuu ya jicho la kushoto ilikuwa imeziba siku nyingi. Sindano tatu baadaye picha ilikuwa bapa kama mkeka, daktari kijana ameridhika, na mimi nilikuwa nimeshaipiga picha kwa simu. Shangazi alichukua upande wa kanga aliyojifunga, akaliziba jicho la kulia kwa kiganja, akajaribu kusoma jina la kanga, yale maneno yaliyochapwa juu yake. Akaiachia. "Hiyo karatasi imepona, mwanangu," alisema. "Jicho langu je?"

Hoja za upande wa pili ni nzito na sitaki kuzipita kwa haraka. Ya kwanza ni kwamba ubao wa herufi nao ni kipimo kilegevu. Mgonjwa yule yule anaweza kusoma herufi tano zaidi asubuhi na tano pungufu mchana akiwa amechoka au hajala. Mwanga wa chumba hubadilika, taa ya ubao huwa imekufa upande mmoja, na kuna wazee ambao wamehudhuria kliniki miaka mingi kiasi kwamba mstari wa tatu wameukariri kama shahada. Mtoto wa jicho halisi anaweza kuushusha uoni huku retina ikiwa nzima. OCT haina uchovu na haikariri. Tena huona maji yakianza kurudi kabla mgonjwa hajahisi lolote, na huko kuwahi ndiko kunakomwezesha daktari kupanga sindano ijayo kwa wiki sita au kumi badala ya kumwita kila mwezi. Nakubali yote hayo. Bila OCT matibabu haya yangekuwa ya kubahatisha. Lakini tazama hoja hiyo inathibitisha nini: kwamba OCT ni mwongozo mzuri wa lini kuchoma. Haijathibitisha kwamba ni kipimo cha tulichopata kwa kuchoma. Kipimajoto humwambia mama lini ampeleke mtoto hospitali. Hakimwambii kama mtoto ameanza kucheza tena.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na imo kwenye majaribio mawili yanayoonekana kugongana. SCORE2, lililochapishwa mwaka 2017, lililinganisha bevacizumab na aflibercept kwa wagonjwa 362 waliozibwa vena kuu au nusu yake, sindano kila mwezi kwa miezi sita. Uoni ulipanda kwa herufi 18.6 kwa dawa ya kwanza na 18.9 kwa ya pili; hakuna mgonjwa duniani anayeweza kuhisi tofauti hiyo. Lakini uvimbe ulitoweka kabisa kwa asilimia 54 ya waliopewa aflibercept dhidi ya asilimia 28 tu za bevacizumab. Ukiuchukua ukaushaji kuwa kipimo cha ushindi, bevacizumab ilishindwa vibaya. Ukichukua kusoma, zilitoka sare. Na bevacizumab, ikigawanywa katika dozi ndogo, iliuzwa Marekani wakati huo kwa dola kama 50, aflibercept kwa dola 1,850 hivi. Tangu 2013 bevacizumab imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, kama dawa ya macho.

Kisha mwaka 2019 likaja jaribio la LEAVO la Uingereza, wagonjwa 463, likawafuatilia wiki 100 badala ya miezi sita. Hapo aflibercept iliongeza herufi 15.1, ranibizumab 12.5, bevacizumab 9.8, na watafiti hawakuweza kusema kwamba bevacizumab inalingana na wenzake. Wanaotetea ukaushaji huliinua jaribio hili na kusema: mnaona, maji yaliyobaki miezi ile sita ndiyo yaliyokula herufi baadaye. Inawezekana. Mimi mwenyewe, kama fedha zisingekuwa tatizo na jicho lingekuwa langu, ningeanza na aflibercept. Ila LEAVO haikusema uvimbe uliobaki ndio sababu; ilisema dawa tatu zina matokeo tofauti kidogo baada ya miaka miwili, na tofauti hiyo imepimwa kwa herufi. Ndiyo hoja yangu hasa. Tumeijua tofauti kwa kuwasomesha watu ubao, si kwa kupima mikroni. Na wagonjwa wa LEAVO walipata wastani wa sindano kati ya 10 na 12 katika kipindi chote, kila aliyehitaji akipata. Mwenye uwezo wa kununua sindano mbili za bei ghali kisha akapotea, hayumo kwenye grafu yoyote ya LEAVO. Huyo swali lake ni kama atapata sindano kumi za dawa yoyote.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba dawa inayokausha zaidi lazima imfanye mtu aone zaidi. Faricimab ndiyo mfano wa leo. Inazuia protini mbili, VEGF na nyingine inayolegeza mishipa, na kinadharia inapendeza. Katika majaribio ya BALATON, kwa tawi la vena, na COMINO, kwa vena kuu, ililinganishwa na aflibercept kwa wiki 24. Makula isiyovuja kabisa kwenye picha za fluoresini ilipatikana kwa asilimia 33.6 ya waliopewa faricimab dhidi ya 21.0 katika BALATON, na 44.4 dhidi ya 30.0 katika COMINO. Ushindi wa wazi wa ukaushaji. Herufi je? BALATON: 16.9 kwa faricimab, 17.5 kwa aflibercept. COMINO: 16.9 na 17.3. Yaani dawa iliyopunguza uvujaji zaidi haikumsomesha mtu hata herufi moja zaidi. Mwuza dawa anapokuja na slaidi ya uvujaji, aombwe slaidi inayofuata.

Nisiwe mwonevu: faida ya kweli ya dawa hizi mpya ni muda. Katika awamu ya pili ya majaribio hayo wagonjwa wengi walivuta hadi wiki 12 au 16 kati ya sindano na sindano, ingawa wakati huo wote walikuwa kwenye faricimab na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kwa mama anayepanda basi usiku kutoka Sumbawanga, akiwa na kijana wa kumshika mkono, na malazi ya siku mbili mjini, safari nne kwa mwaka badala ya tisa ni tofauti kati ya kutibiwa na kuacha. Hiyo ni sababu nzuri ya kuitaka dawa. Iitwe kwa jina lake: nauli. Tusimuuzie kama uoni.

Na kuna toleo la hoja hii dhaifu linaloumiza zaidi, lile linalotupwa kwa mgonjwa anayelalamika. Picha yako ni nzuri, anaambiwa, labda unahitaji miwani, labda ni umri, labda ni wasiwasi. Nimekutana na watu waliobadilisha miwani mara tatu kwa sababu ya sentensi hiyo. Miwani huelekeza mwanga kabla haujafika kwenye retina. Haiwezi kuunga waya uliokatika ndani yake. Mtu aliyeanza akiwa na uoni wa chini ya 6/60, kwa takwimu za utafiti ule wa miaka ya tisini, kabla ya sindano kuwepo, alikuwa na uwezekano wa asilimia kama 80 wa kubaki chini ya hapo. Sindano zimebadilisha sana hesabu hiyo, lakini hazijafuta ukweli kwamba uoni wa siku ya kwanza unabashiri uoni wa mwisho kuliko unene wa siku ya kwanza. Angeambiwa hivyo mapema, kwa heshima, angejua anatibiwa ili asipoteze zaidi, na huenda asingeacha kuja pale matarajio yalipovunjika.

Kuacha kuja ni hatari kwa namna ambayo picha ya makula haiwezi kuionyesha. Jicho lililokosa damu ya kutosha linaweza kuota mishipa mipya kwenye ireni, duara la rangi linalozunguka mboni, na mishipa hiyo ikaziba mfereji wa kutolea maji ya jicho. Shinikizo la ndani hupanda, jicho huuma usiku na mchana, na mwisho wake mara nyingi ni upofu. Madaktari wa zamani waliuita ugonjwa wa siku 100 kwa jinsi ulivyozoea kuja miezi mitatu hivi baada ya vena kuu kuziba. Makula inaweza kuwa kavu kabisa wakati hayo yanatokea mbele ya jicho. Anayetaka kuyaona lazima alimulike jicho kwa darubini kabla ya kuweka dawa ya kutanua mboni, kwa sababu mboni ikishatanuka ireni hujikunja na mishipa midogo haionekani. Ni dakika moja ya kazi. Kliniki iliyozoea mstari wa mgonjwa kwenda tone, kutoka tone kwenda OCT, kutoka OCT kwenda sindano, ndiyo inayoiruka dakika hiyo.

Haya yote yana maana gani kwetu? Kwanza, kama tofauti kubwa kuliko zote katika majaribio ilitokana na miezi sita ya kusubiri na si aina ya dawa, basi fedha yetu ya kwanza inapaswa kwenda kwenye kuwahi. Mtu mzima mmoja kati ya wanne hivi Tanzania ana shinikizo la damu, kwa uchunguzi wa kitaifa wa 2012, na Kenya mwaka 2015 ilikuta kiwango cha karibu hivyo. Wengi wao hufika kliniki za presha, hupimwa mkono, huandikiwa vidonge, hurudi nyumbani. Hakuna anayewaambia: zibeni jicho moja, angalieni mlango, kisha jingine. Jaribio hilo halina gharama, na lingemleta shangazi yangu kwa daktari wiki ya kwanza badala ya mwezi wa tano. Muuguzi wa presha katika zahanati anaweza kuokoa herufi nyingi kuliko tofauti yote iliyopo kati ya bevacizumab na faricimab.

Pili, tuwe macho na sera. Uingereza, kwa wagonjwa wa kisukari, chombo kinachoamua dawa zipi zilipiwe na serikali kiliweka sharti kwamba makula iwe na unene wa mikroni 400 au zaidi ndipo ranibizumab au aflibercept ilipiwe. Kulikuwa na hesabu nyuma yake: faida ya dawa juu ya leza ilionekana kubwa kwenye retina nene, na bajeti lazima iwe na mpaka. Naelewa. Lakini mashine mbili tofauti zinaweza kupishana kwa makumi ya mikroni kwenye jicho lile lile, na mtu wa 395 anayeshindwa kusoma gazeti hana tofauti na wa 405. Bima zetu zitakapoanza kuandika masharti yao ya sindano za macho, na zitaandika kwa kuwa gharama zitazilazimisha, kishawishi cha kunakili namba moja ya mikroni kitakuwa kikubwa, kwa kuwa namba ni rahisi kukagua. Sharti lenye haki lingetaja uoni wa sasa, muda tangu dalili zianze, na hali ya tabaka za retina, na lingelipia mwendelezo kwa jicho ambalo limeshika herufi zake hata kama bado lina maji kidogo.

Tatu, na hili halihitaji bajeti wala bunge, uoni uandikwe. Kila ziara, kila jicho, kabla ya matone, kwa ubao ule ule na umbali ule ule, kando ya namba ya OCT. Mwezi uliopita niliomba kulitazama faili la shangazi kabla ya ziara yake nyingine. Ziara saba, na picha saba za rangi zilizobanwa kwa pini kwa mpangilio mzuri, kila moja buluu zaidi ya iliyotangulia. Sehemu ya herufi imejazwa mara mbili: siku aliyofika, na siku aliyouliza kwa nini haijazwi.